Muulize Mwalimu: "Moron" ni tusi la daraja la ngapi?

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni karani wa ghala hapa Dar es Salaam, nina miaka 26. Hivi karibuni msimamizi wetu alituma picha ya hati ya kupokelea mzigo kwenye kundi la WhatsApp la kazini, akauliza kwa Kiingereza ni "moron" gani aliyesaini. Saini ni yangu na inasomeka vizuri. Watu wakaweka vikatuni vya kucheka. Nilipofungua kamusi ya simu nikaambiwa "mpumbavu", basi. Mwenzangu wa zamu ya usiku anasema nisijali, "moron" ndilo jepesi, "imbecile" ni la katikati, na "idiot" ndilo la mwisho kabisa. Dada wa uhasibu anasema ni kinyume chake. Neno hili limetoka wapi, na kati ya hayo matatu lipi zito?
Karani wa Ghala, Dar es Salaam

Marahaba, mwanangu, na pole. Huyo mwenzako wa zamu ya usiku amepatia, ingawa sidhani kama anajua amepatiaje. Maneno hayo matatu yalikuwa na madaraja kweli. Yalipangwa na wasomi kwenye jedwali, kila neno na umri wake. Mtu mzima ambaye akili yake ilipimwa ikaonekana haizidi ya mtoto wa miaka miwili aliandikwa "idiot". Miaka mitatu hadi saba, "imbecile". Miaka minane hadi kumi na miwili, "moron". Kwa hiyo msimamizi wako, bila kujua, amekuweka daraja la juu. Usimshukuru bado.

Matusi mengi hayajulikani yalizaliwa lini wala nani baba yao. Hili lina cheti. Lilipendekezwa mwaka 1910 na mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye Henry Goddard, aliyekuwa mkuu wa utafiti katika shule ya bweni ya Vineland, jimbo la New Jersey, shule ya watoto walioitwa wakati ule "wenye akili dhaifu". Alilichota kwenye Kigiriki, neno "moros", maana yake mjinga au mzito wa akili. Shina hilo hilo limo ndani ya "oxymoron", ambalo wanafunzi wa fasihi ya Kiingereza hulikariri bila kulipasua: kikali na kibutu kwa pamoja.

Limo pia mahali ambapo wengi wenu mmepita mara nyingi bila kuliona. Mathayo 5:22, Yesu anapoonya kuhusu maneno ya kumwambia ndugu, Kigiriki kinasema "more", yaani "ewe mjinga". Biblia yetu ya Union imeandika "na mtu akimwapiza, itampasa jehanum ya moto", hivyo msomaji wa Kiswahili haoni kwamba hapo kuna tusi hasa, achilia mbali kwamba ni babu wa hilo lililo kwenye simu yako. Na kabla wasomaji wa Ngazija hawajaniandikia: hapana, mji wenu wa Moroni hauhusiki kwa lolote.

Sasa, kwa nini mtu mzima mwenye shahada akae atunge neno la namna hiyo? Inabidi twende Paris kwanza. Mwaka 1905 Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon walitengeneza maswali ya kuwatambua watoto waliohitaji msaada wa ziada shuleni. Mwaka 1908 wakayapanga kwa umri: maswali haya mtoto wa kawaida wa miaka sita huyajibu, haya wa miaka saba, na kuendelea. Hapo ndipo lilipoanzia wazo la umri wa akili. Binet mwenyewe alikuwa mwangalifu. Alikataa kusema kwamba kipimo chake kinapima kitu kilichoganda ndani ya mtoto ambacho hakiwezi kukua. Akafariki mwaka 1911, na mitihani yake ikawa mikononi mwa watu wasio na uangalifu huo.

Goddard alikuwa ameshaivusha bahari. Kule Vineland aliwapima watoto akaona kundi kubwa linabaki juu ya "imbecile", watu wanaozungumza vizuri, wanaofanya kazi, ambao ukipishana nao njiani hutajua lolote. Wafaransa waliliita kundi hilo "débile". Kiingereza hakikuwa na jina lake peke yake, ndipo akaenda kuazima kwa Wagiriki. Wasomaji wetu wa Bukavu na Bujumbura hapa wanatabasamu, maana "débile" na "imbécile" wanayasikia kila siku kwenye foleni za magari, na hakuna anayemtajia mwenzake umri wa akili.

Naomba nitoke nje ya njia kidogo. Miaka yangu ya mwisho kazini sikufundisha Kiingereza. Nilihamia kitengo cha wanafunzi wenye ulemavu wa akili katika shule moja ya msingi hapa Tanga. Kijana mmoja alifika na faili lililoandikwa kwamba umri wake wa akili ni miaka tisa. Yeye alikuwa ameshaanza kunyoa ndevu. Kusoma kulimshinda, hilo silifichi. Lakini nilikuwa namtuma soko la Mgandini na noti, anarudi na chenji kamili na nyanya zisizobonyea, jambo ambalo mume wangu mwenye digrii hajaliweza mpaka leo. Alijua nani mgonjwa mtaani, nani kafiwa, nani hajalipa karo. Mtoto gani wa miaka tisa anajua hayo? Mtu aliyeishi miaka kumi na saba ameishi miaka kumi na saba, hata mtihani useme nini. Nikimsoma Goddard namwona yule kijana, kwa hiyo msinitegemee nimsome kwa upole.

Maana Goddard hakutunga neno ili kupamba jedwali. Aliamini, kama wengi wa zama zake, kwamba akili dhaifu hurithiwa moja kwa moja kama rangi ya macho, na kwamba umaskini, ulevi na wizi ni matawi ya mti huo. "Idiot" hakumtisha, kwa kuwa alionekana. "Moron" ndiye aliyemtisha, kwa sababu anafanana na wewe na mimi, ataoa, atazaa. Mwaka 1912 alichapisha kitabu juu ya ukoo aliouita Kallikak, jina la kubuni aliloliunga kwa Kigiriki cha "uzuri" na "ubaya". Alidai kwamba askari mmoja wa vita vya uhuru wa Marekani alizaa na msichana wa baa mwenye akili dhaifu, ukatoka uzao wa watu 480, na 143 kati yao wakawa kama yule bibi yao. Ndoa halali ya askari huyo huyo na mwanamke wa heshima eti ikazaa watu safi watupu. Waliokuja kuchimba kumbukumbu za familia baadaye walikuta hadithi ya baa haisimami.

Chanzo cha kitabu kizima alikuwa binti mmoja wa Vineland ambaye Goddard alimwita Deborah. Jina lake halisi ni Emma Wolverton. Aliletwa pale akiwa na miaka minane, alishona, alitengeneza samani, alipiga tarumbeta kwenye bendi ya shule. Aliishi kwenye taasisi hadi alipofariki mwaka 1978, akiwa na miaka 89. Fanya hesabu mwenyewe.

Wasaidizi wa Goddard walikwenda pia kwenye kisiwa cha Ellis, New York, ambako meli zilishusha wahamiaji. Matokeo aliyochapisha mwaka 1917 yalisema asilimia 83 ya Wayahudi waliopimwa na asilimia 79 ya Waitaliano walikuwa na akili dhaifu. Hao ni watu waliotoka kulala wiki mbili chini ya sitaha, wanaulizwa maswali kupitia mkalimani na mgeni mwenye kalamu. Mimi nimewahi kuwaona watoto wenye akili kama wembe wakibubujikwa na machozi kwenye mtihani wa Kiingereza kwa sababu tu msimamizi alikuwa mgeni kwao.

Kichekesho kilikuja vitani. Marekani ilipoingia Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1917, wanajeshi zaidi ya milioni moja na nusu walipimwa akili kwa mpigo. Wastani wa umri wa akili wa wazungu ukatoka kama miaka 13. Ukishika jedwali la Goddard sawasawa, karibu nusu ya wanaume wa taifa hilo ni "moron", pamoja na baadhi ya wale waliopiga kura kupitisha sheria za kuwafungia "moron". Ungedhani mtu angelitupa jedwali. Wengi walianza kuhofia taifa.

Kesi ninayotaka uikumbuke ni ya Carrie Buck wa Virginia. Alikuwa msichana wa kulelewa katika nyumba ya watu. Alibakwa na jamaa wa nyumba hiyo, akapata mimba, na badala ya mbakaji kupelekwa mahakamani, Carrie ndiye aliyepelekwa kwenye makao ya "wenye akili dhaifu", alikokuwa amefungiwa mama yake tayari. Wakampima: miaka tisa, "moron". Jimbo la Virginia lilikuwa limepitisha sheria mwaka 1924 ya kuwafunga kizazi watu kama hao hata bila ridhaa yao. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1927 majaji wanane dhidi ya mmoja wakasema sheria ni halali. Jaji Oliver Wendell Holmes aliandika kwamba vizazi vitatu vya "imbecile" vinatosha. Akimaanisha mama, Carrie, na kitoto Vivian ambaye bado alikuwa ananyonya alipotathminiwa.

Umeona? Kwa jedwali lao wenyewe Carrie alikuwa "moron". Jaji mkubwa wa nchi, katika hukumu ya kumkatia mtu kizazi, alikosea daraja. Kufikia hapo maneno yale yalikuwa yameshakuwa matusi, hata kwenye karatasi ya mahakama. Vivian alianza shule, akafaulu vizuri kiasi cha kuwekwa kwenye orodha ya heshima, kisha akafariki kwa maradhi mwaka 1932 akiwa na miaka minane. Marekani nzima, watu zaidi ya 60,000 walifungwa kizazi kwa sheria za namna hiyo.

Goddard, kwa haki yake niseme, aligeuka. Mwaka 1928 aliandika kwamba hao aliowaita "moron" wanaweza kuelimishwa na hawana haja ya kutengwa, na kwamba yeye amehamia upande wa maadui zake. Lakini neno lilikuwa limeshatoroka. Katika miaka ya 1920 watu wa mitaani walikuwa wanaitana "moron" kwenye baa bila kumjua Goddard wala Binet.

Ndugu zake wawili ni wakongwe zaidi. "Imbecile" ni Kilatini cha "dhaifu", na mwanzoni kwa Kiingereza lilisemwa juu ya mwili, kama tunavyosema mgonjwa hana nguvu. Wasomi wa zamani walipenda kulieleza kuwa ni mtu asiye na mkongojo. "Idiot" lina safari ndefu. Kwa Wagiriki "idiotes" alikuwa raia wa kawaida tu, asiye na cheo cha umma, mwenye kushughulika na mambo yake. Kisha likashuka: asiye na utaalamu, asiyesoma. Fungua Matendo 4:13, Petro na Yohana mbele ya baraza, "watu wasio na elimu, wasio na maarifa". Kwa Kigiriki neno la pili pale ni hilo hilo, "idiotai". Kwa hiyo ukiitwa "idiot" uko na Petro. Na Kiswahili nacho kimetembea njia ya jirani: enzi za misafara na watumwa, "mjinga" wa pwani alikuwa mgeni aliyetoka kuletwa kutoka bara, asiyejua bado lugha na desturi za mji. Hakuwa na kasoro kichwani, alikuwa hajazoea tu.

Waingereza ndio walioliingiza "idiot" kwenye sheria, na hapo ndipo palipo na fedha. Mfalme alikuwa na haki ya kushika ardhi ya mtu aliyezaliwa "idiot" na kuchukua mapato yake. Mwanasheria Anthony Fitzherbert, karne ya 16, alieleza namna ya kumtambua: asiyeweza kuhesabu peni ishirini, asiyeweza kumtaja baba yake wala mama yake, wala kujua umri wake. Bibi yangu mzaa mama hakuujua umri wake mpaka anaingia kaburini. Alizaliwa "mwaka wa nzige", na hakuna aliyethubutu kumdhulumu hata mnazi mmoja.

Kutoka huko neno lilipanda meli hadi kwetu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1885 ililinda mwanamke "idiot" au "imbecile" dhidi ya wanaomnyemelea, na maneno hayo mawili yakaingizwa katika sheria za kanuni za adhabu walizotuandikia wakoloni. Kifungu cha 146 cha kanuni ya adhabu ya Kenya kiliandikwa hivyo, na Uganda kifungu cha 130 vivyo hivyo, hadi Mahakama ya Katiba ya Uganda mwaka 2015 ilipoamua kwamba maneno hayo yanamdhalilisha binadamu na kutaka yabadilishwe. Nia ya kifungu ilikuwa kumlinda msichana. Lakini hebu fikiria mama yake amekaa kwenye benchi la mahakama, karani anasoma shitaka kwa sauti, na ili mtuhumiwa atiwe hatiani lazima kwanza ithibitishwe kwamba binti yake ni "idiot".

Wataalamu nao wamekuwa wakikimbia mbele ya matusi kwa zaidi ya karne. Chama chao kikuu cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1876 kikiwa na "idiotic" ndani ya jina, kimebadilisha jina mara kadhaa, la mwisho mwaka 2007. Walipoacha "moron" walishika neno la Kilatini la "kucheleweshwa", likaonekana la kistaarabu, na watoto wa shule wakalifupisha kuwa "retard". Mwaka 2010 Rais Obama akasaini Sheria ya Rosa kuliondoa kwenye sheria za serikali kuu. Sisi je? "Taahira" imetokana na Kiarabu cha kuchelewa, maana ile ile kabisa. Nilipokuwa mdogo lilikuwa neno la daktari. Leo dereva wa daladala analitumia kwa mwenzake aliyechelewa kuwasha gari kwenye taa. "Punguani" limetoka kwenye kupungua tu, na "hamnazo" hata akili zenyewe halikuzitaja. Tanzania tulipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka huo huo wa 2010, na tunasema "ulemavu wa akili". Nasikia wanafunzi wa shule za jirani wameshaanza kuitana "mlemavu wa akili" wakikosa goli.

Sasa swali lako la uzito. Kwa jedwali, "idiot" ndilo zito. Kwa mazoea ya wanaozungumza Kiingereza leo, "idiot" limechakaa, watu hujiita hivyo wenyewe wakisahau funguo, na "moron" lina dharau zaidi kwa sababu halijazoeleka kujitania. "Imbecile" linasikika la kizee, la mtu aliyesoma sana na amekasirika. Kwa hiyo dada wa uhasibu naye hajakosa kabisa. Mgawane soda.

Hukuniuliza ufanye nini, lakini nimezeeka, nitakuambia. Kama ulisaini mzigo bila kuuhesabu, huo ni uzembe, na uzembe unaandikiwa barua, unaelezwa, unarekebishwa. Mwendee msimamizi wako ana kwa ana, umwambie kosa unalikubali kwa jina lake hilo, na kwamba lile jina jingine hulitaki mbele ya watu. Kwenye kundi usijibu kitu. Na kama hukusaini vibaya, basi peleka na nakala ya hati.

*

Mwalimu, habari za kazi. Baba yangu alipata kiharusi. Kwenye karatasi za hospitali daktari ameandika kwa Kiingereza kitu kuhusu "insult" ya ubongo. Mimi najua "insult" ni tusi. Kaka yangu amekasirika, anataka kujua nani amemtukana baba. Tafadhali tusaidie kabla hajaenda.
Mtoto wa Mzee, Korogwe

Mzuie kaka yako mlangoni. Hakuna aliyemtukana mzee. Kilatini "insultare" ni kurukia, kuruka juu ya kitu au mtu. Kiingereza kilipolichukua lilikuwa na maana ya kumvamia mtu, kisha uvamizi ukahamia mdomoni, likawa tusi. Madaktari wakabaki na maana ya kuvamiwa: chochote kinachoushambulia mwili na kuujeruhi, iwe sumu, pigo la kichwa, au damu kukosa njia, wao huita "insult". Kwa baba yako ni kwamba sehemu ya ubongo ilikosa damu au damu ilivuja ndani yake. Mwulizeni daktari ni ipi kati ya hizo mbili, maana dawa zake hazifanani, na mwulizeni mazoezi ya viungo yaanze lini. Mungu amponye mzee.

*

Shikamoo Mwalimu. Ni kweli kwamba tusi la "cretin" maana yake ni Mkristo? Mchungaji wetu alikasirika niliposema hivyo kwenye kipindi cha vijana.
Kijana wa Kwaya, Njombe

Marahaba. Mwambie mchungaji atulie, habari hii ina heshima ndani yake. Katika mabonde ya milima ya Alps, Uswisi na Ufaransa, palikuwa na watu wengi waliozaliwa wafupi, wazito wa kusikia na kusema, akili imedumaa, na majirani zao wengi wakiwa na rovu shingoni. Wenyeji kwa lahaja yao ya Kifaransa waliwaita kwa neno lililotokana na "Mkristo", na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba walikusudia kusema: huyu naye ni binadamu kama sisi, amebatizwa. Kamusi kuu ya akina Diderot kule Paris ililichapa mwaka 1754, likasafiri, na huko lilikokwenda hakuna aliyebeba ile huruma.

Wewe wa Njombe ungepaswa kulijua hili kuliko mimi wa pwani. Ugonjwa ule hautokani na damu ya ukoo, kama Goddard na wenzake ambavyo wangependa. Ni upungufu wa madini joto. Mvua na barafu husafisha udongo wa milimani, madini yanatiririka kwenda baharini, na mama mjamzito anayekula vya shambani kwake tu hayapati ya kumtosha mtoto tumboni. Uswisi walianza kuyatia kwenye chumvi mwaka 1922, na kizazi kilichofuata mabondeni hakikuwa na watoto wa namna ile tena. Nyanda zetu za juu kusini zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizosumbuliwa zaidi na rovu nchini, hadi chumvi yenye madini joto ilipoenea. Wazee wa kwaya yenu waulizeni, watawakumbuka watu wenye shingo hizo.

Kwa hiyo nunueni chumvi yenye maandishi hayo kwenye pakiti, muiweke kwenye chombo chenye kifuniko mbali na mvuke wa jiko, kwani ikikaa wazi kwenye unyevu madini hupungua. Ile ya mawe inayouzwa kwa kopo barabarani muwape ng'ombe.

*

Wengine mliotuma maswali, vumilieni zamu. Yule bwana wa Kahama aliyetuma orodha ya maneno thelathini ya Kiingereza akitaka "maana, asili na namna ya kuyatumia kwa jirani", nimeyajua yote isipokuwa manne. Nitajibu mawili toleo lijalo, yale yanayochapishika.